Kotiledoni maana yake kikombe, na joya la nazi ndiyo kotiledoni yenyewe

Maalim wa Wete (mwenye uzi)

Assalaam alaykum nyote.

Wiki iliyopita, alasiri moja, mtoto wa kaka yangu, anayesoma kidato cha pili, alinijia barazani na daftari lake. "Ami, kotiledoni ni nini?" Nikampa jibu ambalo nimelisomesha miaka mingi: ni jani la mbegu, jani la mwanzo kabisa la mche. Akaondoka, akarudi na nusu ya nazi ambayo mama yake aliivunja ili aikune, kumbe imeshaota. Ndani hamna tone la maji, mmejaa joya tupu, ile nyama laini kama sifongo inayokuja nazi ikiota. Akaniuliza, "Hii nayo ni mbegu, imeota, na kitabu kinasema mnazi una kotiledoni moja. Basi jani lenyewe liko wapi?"

Sikuwa na la kumwambia. Lilinikera, kwa sababu suali lake lilikuwa sawasawa na jibu langu ndilo lililokuwa na kasoro. Nimelifuatilia jambo hili siku kadhaa, na naliweka hapa kwa sababu naamini wasomeshaji wengi tumebeba kosa moja.

Kosa linaanzia kwenye neno. Tumezoea kusema "jani", na neno lenyewe halina jani ndani yake. Limetoka Kigiriki cha kale. *Kotyle* ni kikombe kidogo au bakuli dogo, na kilikuwa pia kipimo cha mvinyo na mafuta, kama robo lita na ziada kidogo. *Kotyledon* ni shimo lenye umbo la kikombe. Wagiriki walilitumia kwa vitu ambavyo havihusiani kabisa na shamba. Tundu la nyonga, pale kinapokaa kichwa cha mfupa wa paja, waliliita kotyle. Zile duara za kunyonyea za pweza waliziita kotyledon. Aristotle alilitumia kwa vile vifundo vinavyoshikanisha mji wa mimba na kondo la nyuma kwa wanyama wenye pembe kama ng'ombe na mbuzi, na madaktari wa mifugo mpaka leo wanaviita kotiledoni. Warumi nao walikuwa na mmea mdogo wa ukutani, jani lake duara limebonyea katikati, wakauita jina hilo hilo.

Nililopenda kuliko yote limo katika Odisea ya Homer. Odysseus amevunjikiwa na chombo, wimbi linamtupa kwenye mwamba, anaung'ang'ania, wimbi la kurudi linambandua na ngozi ya viganja vyake inabaki mwambani. Homer anasema ni kama pweza anapovutwa kutoka pangoni mwake, na vikokoto vimemganda kwenye kotyledon zake. Aliyekwenda pwani Jambiani au Makunduchi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Kwenye mbegu neno lilifika baadaye sana. Marcello Malpighi, daktari wa Italia aliyeishi 1628 mpaka 1694, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuvitazama viumbe kwa hadubini. Alichunguza kifaranga kinavyojengeka ndani ya yai, na kwa jicho hilo hilo akachunguza mbegu inavyoota. Alizikata zile sehemu mbili za mwanzo za mche akaona mche unadumaa au kufa. Ninavyoona mimi, hapo ndipo jina lilipovuka kutoka tumboni mwa mnyama kwenda kwenye mbegu: kile kinachokilisha kijusi cha mbuzi na kile kinachokilisha kijusi cha kunde vilionekana ni ndugu. Jina lilifuata kazi ya kulisha, halikufuata sura ya jani. Kisha John Ray wa Uingereza, mwaka 1682, akaona kuwa mimea mingine ina kotiledoni mbili na mingine moja, na kwamba tofauti hiyo ndogo inakwenda pamoja na tofauti nyingine nyingi. Mwaka 1703 akayapanga makundi hayo mawili kwa majina tunayoyasomesha mpaka leo.

Sasa turudi kwenye nazi. Ina macho matatu, mawili magumu na moja laini. Chini ya lile laini ndipo kilipo kijusi, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Nazi ikianza kuota, kotiledoni yake haitoki nje kuwa jani. Ncha yake inabaki ndani, inavimba, inakuwa kama sifongo, inayanywa maji ya nazi na kuila polepole ile nyama, mafuta yake na sukari yake, na kuvipeleka kwa mche kupitia jichoni. Mwisho inakijaza kifuu kizima. Hilo ndilo joya.

Kwa hiyo watoto wa visiwa hivi wamekuwa wakila kotiledoni na kuijua kwa jina tangu zamani, na sisi tunakuja skuli kuwaambia ni jani ambalo hawajaliona. Naomba mnisaidie mambo mawili. Nyinyi mnaolima, mnaviitaje hivi vitu? Na je, tuendelee kusema "jani la mbegu"?

Mchokoo

Waalaykum salaam maalim. Mimi ni mtu wa Makunduchi na pweza ndiyo kazi yetu wanawake wa huku, kwa hiyo naomba niseme la pweza kwanza.

Huyo mzee wa Kigiriki kasema kweli tupu. Maji yakishatoka unakwenda mpaka kwenye miamba, unatazama shimo lenye kokoto zimepangwa mlangoni, hapo ana nyumba yake. Ukimchokoa akaukamata mchokoo, unavuta. Kama ameshika jiwe ndani hatoki mzima mzima, anatoka na alichokishika. Mara nyingi namtoa na vipande vya matumbawe na kombe vimemganda mikononi, na vingine hata ukimpigapiga mwambani havibanduki mpaka uvitoe kimoja kimoja kwa kidole. Ukiibandua ile duara kwenye ngozi yako inakuachia alama nyekundu ya mviringo, na ukiitazama kwa karibu ni kikombe hasa, kina ukingo na kina shimo.

Sikuwahi kudhani kitu hicho na kunde za shambani vinaitwa jina moja. Nimefurahi sana kulijua.

Kitalu cha Kizimbani Njiani

Maalim, mimi naotesha miche ya mikarafuu, midalasini na miembe ya kuuza. Jina maalumu hatuna, tunasema "mapande ya mbegu" kwa zile nene, na "majani ya mwanzo" kwa zile zinazofunguka kama jani. Kumbe bila ya kujua tumezitenga mbili.

Kwa mkarafuu ni mapande hasa. Tunda likiachwa juu ya mti mpaka liive liwe zambarau, ukilimenya unakuta mbegu moja ndefu, na mbegu yote ni mapande mawili manene yaliyobanana. Hamna ghala jengine la chakula ndani yake, ni hayo tu. Na mbegu hiyo haiwekeki. Ukiianika kama unavyoanika mahindi umeshaiua. Tunailoweka tunda, tunatoa nyama, tunapanda ingali mbichi ndani ya siku chache. Nimeshapoteza gunia zima la mbegu kwa sababu aliyeniletea aliona ni vyema azikaushe kidogo zisioze njiani. Zilifika zimekauka, na hakuna hata moja iliyoota.

Mama Bajia

Nawasoma nikiwa na beseni la kunde mapajani. Mimi naziloweka tangu usiku, asubuhi nazifikicha kwa viganja, maganda yanaelea nayamwaga, zinazobaki nyeupe ndizo nazosaga za bajia. Kila kunde inaachana mara mbili. Maalim, hizo nusu mbili ndizo kotiledoni au mimi nimeelewa vibaya?

Maalim wa Wete

Umeelewa sawasawa bi mkubwa. Bajia yote ni kotiledoni. Choroko ya kupasua, dengu ya kupasua, mbaazi unazozipika kwa nazi, kinachotushibisha humo ni kotiledoni.

Na chukua njugu moja, uimenye ngozi yake nyekundu, uipasue taratibu kwa kucha. Katikati kwenye ncha utaona kitu kidogo mfano wa mdomo wa ndege. Hicho ndicho mche wenyewe: upande mmoja mzizi, upande wa pili majani madogo mno yaliyokunjana. Nusu mbili za njugu ni chakula alichofungiwa cha safari. Ukiutoa mdomo ule, njugu haioti tena hata uimwagilie mwezi mzima.

Shamba Micheweni

Mimi nataka kujua la mahindi. Nimepanda mahindi miaka na miaka, linatoka jani moja lililosokotwa kama mkuki. Watoto wanaambiwa skuli hilo ndilo kotiledoni moja ya mahindi. Ni kweli?

Kidato cha Sita 2

Naomba nijibu hili maana limenitaabisha sana mwaka jana. Si kweli ami. Ule mkuki ni ala inayolinda majani halisi yasichubuke na udongo. Kotiledoni ya hindi haitoki nje kabisa, inabaki ndani ya punje.

Ukitaka kuiona chukua hindi la kuchemsha, toa punje moja nzima na kiini chake. Ule upande wenye kiini cheupe, kichokonoe kwa ukucha kitoke chote. Sehemu ile bapa ya nyuma ya kiini, inayogusana na unga, ndiyo kotiledoni. Wataalamu wameipa jina la Kilatini lenye maana ya ngao ndogo, kwa sababu imekaa kama ngao kati ya mche na unga. Kazi yake ni kuunyonya unga na kuupeleka kwa mche. Mpunga na mtama ni hivyo hivyo.

Maalim, nikiyaweka pamoja, ngao ya hindi na joya la nazi ni kitu kimoja chenye maumbo mawili. Vyote vinakaa ndani na kunyonya.

Shamba Micheweni

Basi nimesomeshwa kosa miaka yote. Ahsante mwanangu.

Mtu wa Chwaka

Nyinyi mnasema ya shamba, naomba na ya mikoko itajwe, maana huku kwetu ndiko maajabu yaliko.

Mchu ukidondosha tunda lake, ganda linabanduka majini na ndani unakuta majani mawili manene ya kijani yamekunjana, moja limelifunika jengine. Hizo ni kotiledoni zake, zimeshakuwa kijani kabla mche haujagusa tope. Ule mkoko wenye miguu mirefu ndio kabisa. Mbegu yake inaota ingali juu ya mti, inaning'inia kama fimbo ya kijani. Siku ikiiva fimbo inachomoka na kuanguka, na kotiledoni hazishuki nayo. Zimeungana zikawa kama kola, na kola hiyo inabaki kwenye tunda juu ya mti. Ukiokota fimbo pwani ukaitazama kichwani utaliona kovu la pale ilipochomoka, na kijichipukizi katikati.

Nimepanda mikoko na kikundi chetu na kila mara watoto wanauliza mbona mche huu hauna yale majani mawili. Majani mawili aliyaacha kwa mama yake, ndivyo ninavyowajibu.

Bustani ya Tungule

Jibu hilo la mama nimelipenda, nitalitumia.

Naomba niongeze la bustani kwa sababu kosa hili linatugharimu. Mwaka wa mwanzo nilipootesha tungule, yaani nyanya, niliona yamechomoza majani mawili membamba, laini pembeni, hayafanani na jani la tungule hata kidogo. Nikadhani ni magugu. Niling'oa karibu tuta zima. Nilisikitika sana siku jirani yangu aliponieleza nilichokifanya, kwa sababu mbegu zile nilizinunua kwa fedha ya kukopa.

Kwa hiyo anayeanza ajue: tungule, tango, pilipili, biringani, mchicha, vyote vinatoka kwanza na majani mawili ambayo hayafanani na mama yao. Jani halisi linakuja katikati yao, na kwa tungule ndilo lenye meno na harufu. Mkiambiwa hamisha mche ukifika majani manne, hayo mawili ya mwanzo hayahesabiwi. Na yakianza kugeuka manjano na kudondoka wakati mche umeshashika, msimwage mbolea kwa hofu. Yamemaliza kazi.

Kidato cha Sita 2

Samahani maalim, kuna jengine nataka kuliweka sawa, si kwa ubishi. Umesema makundi mawili ya Ray tunayasomesha mpaka leo. Tunayasomesha kweli, lakini uainishaji wa sasa hauyakubali yote mawili. Lile la kotiledoni moja limesimama kama lilivyo. Lile la mbili limevunjwa, tangu wataalamu walipoanza kupanga mimea kwa kulinganisha vinasaba, na mpango wao wa mwanzo waliutangaza mwaka 1998.

Na kilichotolewa kwenye kundi la mbili ni vitu vyetu vya hapa hapa: mdalasini, pilipili manga, kungumanga, mstafeli, mparachichi. Yote ina kotiledoni mbili, lakini nasaba yake imejitenga kabla ya ile ya kunde na mkarafuu. Mkarafuu umebaki katika kundi kubwa. Iliki, tangawizi na manjano ni kotiledoni moja pamoja na mnazi na mahindi. Na vanila, kwa kuwa ni katika jamii ya okidi, mbegu yake ni kama vumbi na kijusi chake hakina kotiledoni ya kuonekana.

Kwa hiyo mgeni akitembezwa shamba la viungo, katika nusu saa anapita kwenye nasaba zote hizo bila ya kuambiwa.

Maalim wa Wete

Barakallahu fiik. Ni sahihi na nimelikubali. Nilipaswa kusema kwamba mgawanyo wa Ray ulikuwa mlango, na wenzake wa baadaye wakaingia ndani wakakuta vyumba vingi zaidi.

Lugha Tamu

Mimi naomba turudi kwenye suali la pili la maalim, la tafsiri. Nimewasoma wote na bado nasema "jani la mbegu" lina haki yake. Kwa tungule na tango ni jani, linapokea jua, ni kijani. Kwa wataalamu wa mimea pia kotiledoni inahesabiwa ni jani kwa asili yake, hata ikivimba. Tukilitupa neno "jani" tunamficha mwanafunzi jambo la kweli.

Upande wa pili, "kikombe" halimsaidii mtu yeyote. Mgiriki alikuwa na sababu zake, sisi hatuna. Ukimwambia mtoto njugu ina vikombe viwili atatafuta shimo asilione.

Kitalu cha Kizimbani Njiani

Tuseme basi "pande la mbegu". Kila mtu anaelewa.

Lugha Tamu

Pande la mbegu kwa mahindi liko wapi sheikh? Lile ni ngao, si pande.

Mama Bajia

Kwani "joya" lina ubaya gani? Joya la nazi, joya la kunde, joya la hindi. Kila mmoja analijua joya ni kitu cha ndani kinachokuja mbegu ikiota.

Lugha Tamu

Bi mkubwa, wazo zuri, lakini joya ni sifongo. Ukimpa mpishi "joya la kunde" atadhani kunde zimeoza. Na Kiswahili kimeshalichukua "kotiledoni" kwa matamshi yake, halina taabu ulimini, linaingia ngeli ya i-/zi- bila ugomvi. Kotiledoni hii, kotiledoni hizi. Mimi nasema libaki, na tafsiri ziwe za kuelezea tu.

Maalim wa Wete

Nimekaa na hoja zenu usiku huu na nimeelekea kwa Lugha Tamu kwa neno, na kwa Mama Bajia kwa somo. Neno libaki kotiledoni. Lakini somo lisianze na neno. Lianze na nazi iliyoota mezani, ivunjwe mbele yao, joya litolewe, kila mtoto aonje. Kisha njugu ipasuliwe, kisha kunde iliyochomoza, kisha punje ya hindi. Baada ya hapo ndipo waambiwe vyote vinne vina jina moja, na kwamba jina lilikuwa la pweza kabla ya kuwa la mbegu. Nilivyokuwa nikisomesha mimi ilikuwa kinyume: maana ubaoni, mchoro wa haragwe, funga daftari.

Siku chache nyuma nilianza na mtoto wangu yule. Tumeloweka kunde, mbaazi na mahindi, tumepanda kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, tumeviweka ukutani pa kisima. Leo kunde zimeshanyanyua nusu zake mbili juu ya udongo, zimeinama kama mtu anayetoka mlango mfupi. Mbaazi zimetoa kijichipukizi tu, mapande yake yamebaki chini. Alizifukua mbili kwa kidole kuhakikisha na nikamwacha. Mahindi bado.

Mchokoo

Maalim, mwambie bamvua ijayo kama mko Unguja aje Makunduchi, nitamwonyesha na zile kotiledoni za mwanzo, za pweza.

Maalim wa Wete

Nimemsomea ujumbe wako. Ameshauliza boti ya kutoka Mkoani inaondoka saa ngapi.